Kabla ya Kulaumu SSD, Angalieni Partisheni Inaanzia Wapi

Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipofikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, dawati letu la TEHAMA hapa Dodoma limekuwa likipokea kompyuta za zamani ambazo wenyewe wamezitoa diski za kuzunguka na kuzifunga SSD, yaani diski za chipu zisizozunguka, ili ziendelee kutumika. Lalamiko ni lile lile: fedha imetoka, SSD imefungwa, lakini mashine bado inajivuta kila inapohifadhi faili, na mlalamikaji ameshaamua kwamba ameuziwa diski feki. Diski feki zipo, na hatuwezi kulikana hilo. Hata hivyo, tunaomba wananchi na watumishi wakague jambo moja, yaani mahali inapoanzia partisheni (sehemu ya diski iliyotengwa kuwekea mafaili), kabla ya kurudi dukani kugombana na muuzaji.

SSD haiandiki sekta (kipande kidogo cha kuhesabia nafasi ya diski) moja moja ya baiti 512. Huandika kwa kurasa, ambazo aghalabu ni za kilobaiti 4, 8 au 16, na haiwezi kuandika juu ya ukurasa uliokwisha kutumika mpaka ifute bloku nzima yenye kurasa nyingi. Windows nayo kwa kawaida hugawa nafasi ya mafaili kwa mafungu ya kilobaiti 4. Mwanzo wa partisheni ukiangukia katikati ya ukurasa, mafungu yanayofuata nayo yatakuwa yakikanyaga mipaka ya kurasa hadi mwisho wa partisheni hiyo. Ni sawa na karani wa masijala anayebandika kwenye leja fomu zenye ukubwa wa ukurasa mmoja, lakini ile ya kwanza akaianzia chini ya ukurasa: fomu zote zitakuwa nusu huku nusu kule, na kurekebisha moja kutamlazimu kugusa kurasa mbili. SSD ikiwa katika hali hiyo husoma kurasa zote mbili, huunganisha data mpya na ya zamani, kisha huziandika upya. Kasi hupungua, hasa kwa faili ndogo ndogo, na chipu huchakaa mapema kwa maandishi yasiyo ya lazima.

Windows XP na matoleo yaliyoitangulia yalianzisha partisheni ya kwanza kwenye sekta ya 63, desturi iliyotokana na hesabu ya diski za kale. Kuanzia Windows Vista, mwanzo ni sekta ya 2048, yaani megabaiti 1 kamili. Kwa hiyo aliyepiga Windows ya kisasa kwenye SSD tupu hana sababu ya kuhangaika. Anayehusika ni yule ambaye fundi wake alikloni, yaani alinakili nzima nzima, diski ya zamani kama ilivyo, kwa sababu programu nyingi za kukloni huhamisha pia kasoro ya mwanzo wa partisheni.

Kompyuta moja iliyoletwa kwetu kutoka Chamwino ilikuwa imefomatiwa mara tatu kwa tatizo hili. Tulipoikagua, partisheni ilikuwa bado inaanzia baiti ya 32,256, yaani ile ile sekta ya 63. Tunalazimika kulirudia hili kila wiki: kufomati hakusogezi mwanzo wa partisheni. Kunasafisha kilichomo ndani tu. Mpaka unabaki pale pale ulipokuwa.

Ukaguzi hauhitaji fundi. Fungua msinfo32, programu ya Windows inayoonyesha taarifa za kompyuta, ingia Components, kisha Storage, kisha Disks, utafute mstari ulioandikwa Partition Starting Offset. Gawanya namba hiyo kwa 4,096. Ukipata namba kamili, partisheni imepangwa vizuri. Namba 1,048,576 inatoa 256, ni sahihi. 32,256 inatoa 7.875, si sahihi. Wapo wanaoogopa wakiona 105,906,176, lakini nayo inatoa 25,856 kamili, na haina tatizo lolote.

Marekebisho ni kuchukua nakala ya mafaili kwenye diski ya nje, kuyafungua machache kuhakikisha yanasomeka, kufuta partisheni yenyewe, kisha kuacha kisakinishi cha Windows kiunde mpya. Zipo programu, kama GParted, zinazoweza kusogeza partisheni bila kuifuta, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi mafaili yanaweza kupotea, hivyo hatushauri njia hiyo bila nakala wala bila UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika). Kiasi cha kasi kitakachoongezeka hutegemea aina ya SSD, nasi hatuahidi kiwango. Kasi ya intaneti haitabadilika; tafadhali msije kutuuliza.

Kwa kompyuta za ofisi, utaratibu ni lazima ufuatwe. Fomu ya matengenezo hujazwa nakala mbili na kusainiwa na mkuu wa kitengo. Namba ya diski inayotoka na inayoingia huandikwa kwenye rejista ya mali. Diski iliyotolewa hurudishwa stoo siku hiyo hiyo. Isiachwe kwa fundi wa mtaani kwa kisingizio chochote. Diski hiyo ina taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitaka taasisi kuzilinda. Mtumishi atakayepeleka mashine nje bila fomu atatakiwa kujieleza kwa maandishi, na diski ikipotea anaweza kuchukuliwa hatua za kinidhamu. Mashine ikirudi, fundi wetu ataandika kwenye fomu ile ile namba ya mwanzo wa partisheni kabla na baada ya kazi, nawe utaisoma kwenye skrini yako mbele yake ndipo usaini kuipokea.