Siku arobaini bila swala: nani kawaambia?

"Ustadhi, nimekunywa pombe, kwa hiyo mpaka siku arobaini ziishe siswali." Sentensi hii imeulizwa tena wiki hii, na kila mara huja kwa sauti ya unyenyekevu, kana kwamba kuikimbia swala ni namna ya kumstahi Mwenyezi Mungu. Piga hesabu, ndugu yangu. Swala 5 kwa siku mara siku 40 ni swala 200 za faradhi zilizoachwa kwa makusudi kwa sababu ya glasi za Jumamosi usiku. Dhambi moja imezaa mia mbili, na kila moja kati ya hizo ni dhambi kubwa.

Hadithi yenyewe ipo, sikatai. Imo kwa Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, na kwa wengine: mwenye kunywa pombe, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Lakini watu hukata maneno hapo, na hadithi haikatiki hapo. Inaendelea: akitubu, Mwenyezi Mungu humkubalia toba yake. Kisha kuna neno "haikubaliwi", ambalo kwa mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, lina maana maalumu. Imamu Nawawi alilieleza vizuri alipofafanua hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kuhusu mtu aendaye kwa mpiga ramli, kwa kuwa naye ameambiwa swala yake haikubaliwi masiku arobaini. Maana yake ni kwamba hana thawabu katika swala hiyo, ingawa faradhi imemtoka shingoni na hatakiwi kuirudia. Asiyepata mshahara kwa sababu ya kosa lake bado yuko kazini. Aliyeacha kazi kabisa ni habari nyingine.

Chini ya suala hili kuna imani nyingine, na hiyo ndiyo inayoniudhi hasa: kwamba mwenye dhambi hawezi kuwa mtu mwema, na akionekana kwenye safu basi ni mnafiki. Hukumu hii wanajipa wenyewe, na majirani huwaongezea.

Wanaodhani hivyo wasome habari ya Abdallah, sahaba aliyepewa lakabu ya Himar, yaani punda. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Umar bin Khattab. Alikuwa akimchekesha Mtume, rehema na amani zimshukie. Alikuwa pia akinywa, na Mtume alikwisha kumchapa kwa ajili ya pombe. Siku moja akaletwa tena, akachapwa. Mtu mmoja pale akasema: ewe Mola mlaani huyu, mara ngapi analetwa! Mtume akasema: msimlaani, wallahi, nijuavyo mimi anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Tazama mambo yaliyokusanyika hapo. Adhabu haikupunguzwa kwa sababu ya mapenzi yake, na mapenzi yake hayakufutwa kwa sababu ya adhabu. Aliyekemewa mbele za watu ni mwenye kulaani, naye pengine hajagusa tone. Hakuna aliyesema pombe ya Abdallah ni jambo dogo, wala hakuna aliyeruhusiwa kusema Abdallah ni pombe yake tu. Anayeshindwa kuyashika haya mawili kwa pamoja atawaumiza watu kwa jina la dini.

Madhehebu yalivyomhukumu mwenye dhambi kubwa nitayapitia mbiombio. Khawarij walimtoa katika Uislamu mwenye dhambi kubwa. Muutazila wakamweka njia panda, si muumini wala si kafiri. Murjia wakasema imani haidhuriki kwa dhambi. Ibadhi, walio wengi Oman na walioacha alama kubwa Unguja, husema mwenye dhambi kubwa amekufuru neema, na hawamtoi katika mila, ingawa hukumu yao ya Akhera kwa asiyetubu ni kali kuliko yetu. Ahli Sunna tunamwita fasiki, yaani mwasi: muumini kwa imani yake na fasiki kwa dhambi yake, na asipotubu jambo lake liko kwa Mola, akitaka atamuadhibu na akitaka atamsamehe. Dalili iko Surat Nisaa, aya ya 48. Basi.

Penye uzito ni kwenye kurudia. Watu husema: nilitubu Ramadhani, nimeanguka Shawwal, kwa hiyo toba ile ilikuwa ya uongo. Hapana. Masharti ya toba ni kuiacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutoirudia. Soma sharti la tatu polepole: kuazimia. Hukutakiwa kutoa dhamana ya miaka ishirini ijayo. Ikiwa azma ilikuwa ya kweli saa ile, toba ilitimia, na dhambi mpya inataka toba mpya bila kuibomoa ya zamani. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kuna hadithi ya mja aliyetenda dhambi akaomba maghufira, akasamehewa, akarudia, akaomba, mara tatu, na kila mara Mola anasema mja wangu amejua kuwa ana Mola anayesamehe dhambi. Na Surat Aal Imran, aya ya 135, inapowaeleza wachamungu inawataja kuwa ni wale ambao wakifanya uchafu humkumbuka Mwenyezi Mungu wakaomba msamaha, wala hawaendelei nayo hali wanajua. Hawa ni wachamungu, na uchafu umetajwa. Kinachowatenga na wengine ni kutong'ang'ania.

Nikiri hapa palipo pagumu. Hadithi ile ya pombe, katika baadhi ya mapokezi, inasema akirudi mara ya nne kisha akatubu, hakubaliwi. Wapo wafafanuzi walioichukua kuwa ni kemeo kali, kwa sababu ya ile aya ya 53 ya Surat Zumar, kuwa Mwenyezi Mungu husamehe dhambi zote. Nami nafuata njia hiyo. Lakini sijioni nina haki ya kuyasoma maneno yale kwa wepesi. Na kuna jambo jingine ambalo vitabu hulipita: azma na matamanio hufanana sana ndani ya mtu aliyeanguka mara ishirini. Kipimo ninachokitegemea ni cha nje. Je, amebadili njia anayopitia kurudi nyumbani? Amefuta namba ya simu? Ameacha kukaa na kundi lile? Asipogusa hata kimoja, nina shaka na azma yake, ila siwezi kuihukumu.

Sasa wale wa upande wa pili, wenye kusema "moyo wangu safi, Mungu anajua". Hao nina maneno machache, ila ni mazito. Dhambi ikigusa haki ya mtu, masharti yanakuwa manne, na la nne ni kurudisha. Chukua muuza duka aliyechezea mizani, kilo yake ina gramu 950. Akiuza kilo 20 za sukari kwa siku, anaiba kilo nzima kila siku. Kwa siku 300 ni kilo 300. Aende Makka, alie mpaka ndevu zilowe, kilo 300 ziko palepale. Afanye hivi: arekebishe mizani leo, akadirie kwa kuzidisha si kwa kupunguza, wateja anaowajua awarudishie au awaongezee kwenye kipimo kwa nia ya kulipa deni, aliyekufa wapewe warithi wake, na asiowajua kabisa baada ya kutafuta awatolee sadaka kwa niaba yao. Asiye na uwezo aandike deni na aombe muda. Si lazima ajifichue, kwa kuwa sitara inatakiwa. Ila pesa ukiituma kwa simu jina lako litatokea, kwa hiyo mtumie mtu mwaminifu apeleke taslimu. Kusengenya ndiko kugumu: kama msengenywa hajui, wanazuoni wamehitilafiana kama aambiwe, nami naona aliyesengenya amuombee dua na amtaje kwa wema katika baraza lilelile alilomchafulia.

Na swali la mtu mwema, mafakihi wetu walilijibu zamani kwa sababu za kikazi, maana kadhi lazima ajue ushahidi wa nani aupokee. Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 204 wa Hijria, alisema hamjui mtu ambaye utiifu wake haukuchanganyika na maasi, basi ambaye utiifu ndio ulioghilibu kwake, ushahidi wake unakubaliwa. Wanafunzi wa madhehebu wakaweka mpaka: asifanye dhambi kubwa, wala asing'ang'anie ndogo. Aliyekuwa fasiki akitubu, wengi wao humpa mwaka mmoja wa kumtazama kabla ya kuupokea ushahidi wake, kwa hoja kwamba misimu minne hubadili tabia za watu. Huo ni mwaka wa mahakama. Mbinguni mlango haungoji misimu. Ndiyo maana katika nikahi nyingi za kwetu unamsikia sheikh akiwaongoza istighfari kabla ya kuozesha: hakuna pale anayedhaniwa hana dhambi.

Kwa aliyekunywa jana, basi. Mlevi haswali mpaka ajue anachokisema, hiyo ni aya ya 43 ya Surat Nisaa. Akili ikirudi, asukutue kinywa, abadili au aoshe nguo iliyomwagikiwa, kwani pombe kwetu wafuasi wa Shafii ni najisi, na atawadhe, maana udhu ulitoka akili ilipoondoka. Josho la janaba halihusiki hapa kama hakuna sababu yake. Swala zilizompita akiwa amelewa azilipe mara moja bila kusubiri siku hata moja. Kisha aende msikitini kwa miguu yake, akae safu yoyote atakayoikuta, na aliye kando yake amsogezee nafasi.