Mapezi ya Kaboni Hayakupi Hewa Zaidi

"Mwalimu, kaboni ndiyo bora kuliko zote. Inakwenda mbio, kwa hiyo nitatumia hewa kidogo." Nimechoka kuisikia kwa wanafunzi wangu wa kuzamia na mtungi, wanapochagua mapezi ya kuvaa miguuni.

Kaboni, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa pamoja, ni nyepesi, na ikikunjwa hurudi upesi bila kupoteza nguvu nyingi. Hapo sibishi. Ndiyo maana wanaozama kwa pumzi moja wanaipenda: bapa refu (ule ubao wa pezi unaosukuma maji), teke la taratibu, mwili mtupu usiobeba kitu. Wewe umebeba mtungi, jaketi ya kuelea, mipira ya kupitishia hewa na, nikikutazama vizuri, kamera pia. Maji yanakuzuia kila upande. Ukizidisha mwendo mara mbili, ukinzani wa maji unaongezeka mara nne, na nguvu inayodaiwa misuli kila sekunde inafika mara nane. Misuli hiyo inakula hewa ileile ya mtungini! Anayekwenda mbio ndiye anayepanda wa kwanza, kisha anatungojea botini amenuna. Unataka hewa idumu? Punguza mwendo, lala usawa majini, toa vipande vya risasi vya kuongeza uzito vilivyozidi kiunoni. Hakuna pezi litakalokufanyia hayo.

Tena bapa refu ni balaa kwenye matumbawe. Kugeuka pahali pembamba ni shida, kurudi kinyumenyume shida zaidi, na ukilibamiza kwenye ngazi ya boti tabaka za kaboni hupasuka. Kwa wageni wangu wengi, plastiki ya kawaida au raba ya ugumu wa wastani inatosha kabisa.

"Raba itanizamisha." Nchi kavu ni nzito kweli, lakini majini sehemu kubwa ya uzito huo hubebwa na maji yenyewe. Kinachobaki kinateremsha miguu kidogo, jambo ambalo wavaaji wa suti kavu, ile isiyoingiza maji, wanalitafuta kwa sababu miguu yao huelea. Kama yako inazama tayari, chukua polipropilini, plastiki inayoelea. Ama kuiita raba ya kizamani, Georges Beuchat, mtengenezaji wa vifaa vya kuzamia wa Ufaransa, alitoa mapezi ya raba yenye matundu yaitwayo Jetfins mwaka 1964, na umbo lile wakufunzi bado wanalivaa.

"Gumu zaidi, nguvu zaidi." Nguvu za nani? Mguu usio na mazoezi ukivishwa pezi gumu, misuli ya shavu la mguu inakaza, magoti yanapinda kama ya mwendesha baiskeli, na husogei.

"Plastiki haiozi, iache juani." Haiozi, ila jua huifanya ikakamae mpaka ipasuke. Raba nayo jua huila, na petroli ya boti huivimbisha. Suuza kwa maji ya bomba, anika kivulini, laza bapa chini. Usiyaegemeze mapezi ukutani yakisimama kwa ncha, maana joto likiyakuta hivyo yatabaki yamepinda. Na vile vipande vya plastiki vinavyokuja ndani ya kiatu cha pezi, mnavyovitupa siku ya kununua, virudisheni humo kila mkimaliza msimu. Kazi yake ni kulinda umbo la kiatu.