Ford hawakushinda Le Mans kwa injini

Jana tena. Kijana kaegemea boneti gereji, ananiambia: "Fundi, Ford waliwapiga Ferrari kwa sababu injini yao ilikuwa ya lita 7." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na kazi yangu ni breki, kwa hiyo leo naijibu kwa maandishi.

Injini hiyo ya lita 7 ilikuwepo tangu 1965 kwenye Le Mans, mbio za magari za saa 24 huko Ufaransa. Ford GT40 Mk II mbili, magari yenye injini hiyo, zilianza mbio, hakuna iliyomaliza: moja gia boksi, nyingine klachi. Iliyoshinda ni Ferrari 250 LM, lita 3.3.

Injini kubwa ni uzito, na uzito lazima usimamishwe. Pale Mulsanne, sehemu ya njia ya Le Mans, barabara ilinyooka karibu kilomita 6. Gari linapita kilomita 300 kwa saa, upepo unapuliza diski za breki mpaka zinapoa, halafu dereva anakanyaga breki kuingia kona kali na chuma kinawaka chekundu. Kupoa, kuwaka, kupoa, kuwaka, kila mzunguko wa dakika tatu na nusu hivi, kwa saa 24. Shika diski iliyopitia joto la namna hiyo: ina nyufa nyembamba kama unywele, na ukipitisha kucha, inakwama. Hapo pedi mpya haisaidii kitu. Diski itapasuka tu.

Mwaka 1966 Phil Remington, fundi wa Shelby, timu iliyoendesha baadhi ya Ford hizo, alibuni namna ya kubadili pedi na diski upesi piti, pale gari linaposimama kuhudumiwa, kabla hazijapasuka. Injini nayo ilifungwa kwenye mashine ya majaribio huko Marekani, ikazungushwa kana kwamba iko Le Mans, gia kwa gia. Mk II zikashika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Kuna jambo linanisumbua, nalisema wazi: kubadili diski katikati ya mbio si kulimaliza tatizo la joto, ni kuishi nalo. Mpaka leo sijaamua niuite ufundi au nguvu ya pesa.

Lakini injini? Kanuni za 1968 zikaifungia nje ile ya lita 7. GT40 ya lita 4.9 ya timu ya John Wyer, gari lile lile moja, chasisi namba 1075, ikashinda mwaka huo na 1969 pia. Ile ya 1969, dereva wake Jacky Ickx alimtangulia Hans Herrmann kwa mita 120 hivi. Porsche ya Herrmann ilikuwa imechoka breki.