Mbwa Ana Ukurutu? Weka Chini Hiyo Oili Chafu

Nimewatibu mbwa wengi waliofika wakinuka gereji, kwa sababu walipakwa oili chafu ya injini. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wenye mbwa mara kwa mara.

Mbwa wangu ni wa kahawia. Mbona ngozi imekuwa nyeusi na nene?

Weusi huo wenyewe si ugonjwa. Ngozi iliyowashwa, ikakunwa na kulambwa kwa wiki nyingi hujilinda kwa kuongeza rangi na unene. Ndiyo maana nikimwona mbwa wa hivyo nauliza kwanza: alianza kujikuna lini? Jibu huwa ni miezi, na inaniuma kulisikia.

Chanzo ni nini?

Mara nyingi ni utitiri (wadudu wadogo sana wa ngozi), viroboto au fangasi kama mapunye. Utitiri wa ukurutu huchimba ndani ya ngozi, hasa kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo. Viroboto humsumbua zaidi mgongoni, karibu na mkia. Mapunye huacha mabaka yasiyo na manyoya. Kwa macho tu vinafanana, kwa hiyo tunakwangua ngozi kidogo na kuitazama kwa hadubini.

Jirani alimpaka wake oili chafu akapona. Nami nimpake?

Hapana. Oili iliyotoka kwenye injini ina masalia ya vyuma na kemikali. Inapenya kwenye ngozi yenye vidonda, na mbwa hujilamba, kwa hiyo atainywa. Inaweza kumwunguza ngozi, kumharibu ini na figo, na ikiingia mapafuni inaweza kumuua.

Hata kidogo tu, palipo na kidonda?

Hapana, hata tone. Penye kidonda ndipo inapopenya upesi zaidi.

Na dawa ya josho la ng'ombe?

Usikisie. Nyingine hazimfai mbwa kabisa, na hata inayomfaa ina kipimo chake cha maji. Watu wanapima kwa kifuniko cha chupa! Mbwa akianza kutoka mate mengi, kutetemeka au kulegea baada ya kuogeshwa, hiyo ni sumu. Mkimbize kwa daktari pamoja na chupa ya dawa. Dawa ya sindano ya ng'ombe iliyobaki zizini nayo iache hukohuko.

Tayari nimempaka oili. Nifanyeje?

Mzuie asijilambe. Vaa glavu, umwoshe kwa sabuni ya maji ya vyombo na maji ya uvuguvugu, urudie mpaka utelezi uishe. Usimtapishe. Kisha mlete siku hiyohiyo, na useme ukweli ulimpaka nini. Sitakugombeza, nataka apone.

Watoto wanaweza kuambukizwa?

Ndiyo, mapunye na utitiri wa ukurutu huhamia kwa watu. Mtoto akiwashwa, mpeleke kituo cha afya na umweleze mhudumu kuwa nyumbani kuna mbwa mgonjwa. Mbwa wote wa nyumba watibiwe pamoja, na matandiko yao yafuliwe. Manyoya yakianza kuota usikatishe dawa. Tiba huchukua wiki kadhaa.

Ngozi ikiwa ya njano je?

Hilo si la kupaka kitu chochote. Mfunue mdomo utazame fizi. Zikiwa za njano, au nyeupe kama karatasi, huenda ni ugonjwa wa kupe unaoharibu damu, au ini limeshindwa. Mlete leo. Usingoje kesho asubuhi.