Daftari la vituo vya kijeshi ni nini, na usahihi wake hupimwaje?

Daftari la vituo vya kijeshi ni kumbukumbu ya kila mahali ambapo jeshi la nchi fulani lina ardhi, majengo au ruhusa ya kukaa, nyumbani na ugenini. Wizara za ulinzi huwa na lao, na watafiti na waandishi wa habari hujitengenezea la kwao. Likitajwa, watu huuliza kwanza idadi: Marekani ina kambi ngapi, Ufaransa imebakiwa na ngapi? Kwa maoni yangu idadi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika daftari la namna hii, ingawa ndiyo inayonukuliwa kila siku.

Chukua Marekani, nchi yenye vituo vingi ugenini kuliko nyingine yoyote. Ripoti ya Wizara yake ya Ulinzi ya mwaka wa fedha 2018 ilihesabu maeneo 514 katika nchi 45 za kigeni. Ujerumani pekee ilikuwa na 194, Japani 121 na Korea Kusini 83. Mwaka 2021 mtafiti David Vine, aliyefuatilia suala hili kwa miaka mingi, alitoa hesabu ya takriban 750 katika nchi na makoloni 80 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini haina maana kwamba lazima mmoja wao amedanganya. Ripoti ya wizara ilikuwa na kizingiti: eneo la ugenini lenye ukubwa usiozidi ekari 10, na ambalo kujenga upya majengo yake hakufiki dola milioni 10, halikupewa mstari wake. Lilirundikwa pamoja na mengine madogo chini ya neno “mengineyo”. Na kuna upande wa pili: kambi moja ya Ujerumani yenye mabweni hapa, uwanja wa shabaha kule na nyumba za familia mtaa mwingine inaweza kuhesabiwa kuwa maeneo kadhaa. Kwa hiyo kipimo kilekile hupunguza idadi huku na kuiongeza kule. Daftari lisilosema kwenye ukurasa wa kwanza linahesabu nini halifai kunukuliwa, hata kama kila tarakimu yake ni ya kweli.

Jambo la pili ni nani mwenye ardhi na nani anayeitumia. Manda, katika Kaunti ya Lamu, ni kituo cha Jeshi la Wanamaji la Kenya, na humo Wamarekani wana kambi yao, Camp Simba. Al-Shabaab walipoishambulia alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 na kuua Wamarekani watatu, watu wengi duniani ndipo walipojua kwamba Wamarekani wako pale. Ukiandika “kambi ya Marekani” na kuishia hapo umekosea. Ukiandika “kambi ya Kenya” na kuishia hapo umekosea vilevile. Ingizo sahihi linataja mwenye ardhi, mtumiaji, na makubaliano yanayomruhusu kuwapo. Nchini Jibuti bila safu hizo tatu utapotea kabisa. Camp Lemonnier ilikuwa kambi ya Wafaransa kabla ya Wamarekani kuikodi, na katika nchi hiyo ndogo kuna pia vituo vya Ufaransa, Italia, Japani tangu 2011 na China tangu 2017.

Diego Garcia, kimoja cha visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi, ni mfano mgumu zaidi. Kituo kinatumiwa hasa na Marekani, chini ya makubaliano na Uingereza ya mwaka 1966 ambayo muda wake uliongezwa hadi 2036, kwenye kisiwa ambacho Mauritius imekidai kwa miongo mingi. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kuhamisha mamlaka ya visiwa vya Chagos huku kituo kikibaki kwa kukodishwa miaka 99. Kusaini mkataba ni hatua moja na mkataba kuanza kutumika ni nyingine, na daftari makini huziandika kila moja kwa tarehe yake. Nami naona ingizo la Diego Garcia lina upungufu mkubwa kama halisemi kwamba wenyeji wake, Wachagosi, waliondolewa kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na 1973 ili kituo kijengwe. Hiyo pia ni historia ya ardhi, na daftari ni la ardhi.

Tarehe ndizo zinazochakaa upesi. Uwanja wa ndege wa kijeshi wa Agadez, Niger, uliwagharimu Wamarekani zaidi ya dola milioni 100. Agosti 2024 waliukabidhi kwa Niger, wakaondoka. Ufaransa ilikabidhi kambi yake ya mwisho nchini Senegali Julai 2025. Orodha zilizoandikwa kabla ya hapo bado zinanakiliwa kama za leo. Hata nyumbani mambo hubadilika. Fort Bragg ya North Carolina, iliyoitwa kwa jina la Braxton Bragg, jenerali wa waasi wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, iligeuzwa Fort Liberty Juni 2023. Mwaka 2025 ikarudi kuwa Fort Bragg, safari hii kwa heshima ya Roland Bragg, askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtu akifuta jina la katikati kwa kudhani kwamba hakuna kilichobadilika, nyaraka zote za kipindi hicho hukosa mahali pa kushikia.

Ndani ya ofisi kazi hii ni ya kuchosha. Jengo likibomolewa, karani asipoliondoa, fedha za ukarabati huendelea kupangwa kwa jengo lisilokuwapo. Wakaguzi wa bunge la Marekani waliripoti Novemba 2018 kwamba kumbukumbu za majengo na ardhi ya jeshi zilikuwa na makosa na mapengo. Dawa yake inajulikana: mtu aende na karatasi mkononi, ahesabu, apime, alinganishe.

Serikali zitasema usalama hauruhusu kila kitu kuandikwa hadharani. Idadi ya silaha na ratiba za doria ni sawa zifichwe. Lakini kuwapo kwa kambi, mipaka yake na mkataba wake ni mambo ambayo jirani anayeishi kando ya uzio ana haki ya kuyajua.

Haki hiyo haiishi jeshi linapoondoka, na ndiyo maana kituo kilichofungwa hakipaswi kufutwa daftarini. Kwa miongo mingi Waingereza walifanya mazoezi ya kijeshi kwenye malisho ya Wasamburu na Wamaasai, sehemu za Archers Post na Dol Dol nchini Kenya. Mabomu ambayo hayakulipuka yaliua na kulemaza wachungaji, watoto wakiwamo. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu 228. Katika madai kama hayo maswali ya kwanza ni jeshi gani lilitumia uwanja upi, mwaka gani, kwa silaha gani, na nani aliusafisha baadaye. Majibu hayo yanapaswa kuandikwa siku ya mazoezi yenyewe, na nakala yake ibaki kwa serikali ya kaunti na kwa wazee wa eneo, si London na Nairobi peke yake.