Wasukuma ni wangapi? Jibu kutoka dirisha la takwimu

Siku za karibuni dirisha letu la huduma hapa Mwanza limepokea swali moja kwa sura nyingi. Mwanafunzi wa shahada anataka idadi ya Wasukuma mkoani. Mzee kutoka Ukerewe anataka kujua Wakerewe wamebaki wangapi. Kijana aliyetumiwa ujumbe kwenye simu anataka tumthibitishie asilimia ya kabila lake. Wote wakiambiwa takwimu hiyo haipo, huondoka wakinung'unika kwamba ofisi inaficha.

Hakuna kilichofichwa. Sensa ya mwisho kuuliza kabila na dini ni ile ya Agosti 1967. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza, na swali lisiloulizwa halina jibu hata ukija na barua ya nani. Sensa ya 2022 inasema Mkoa wa Mwanza una watu 3,699,872, kutoka 2,772,509 mwaka 2012. Nani kati yao ni Msukuma, haisemi. Anayekutajia asilimia leo ama ameivuta ile ya 1967, ama amekisia.

Lakini mwananchi ana haki ya kuuliza kwa nini swali liliachwa, na hapo ndipo penye mambo. Kabla watu hawajahesabiwa, yupo anayeamua wahesabiwe kama nani. Waingereza walipofanya sensa Tanganyika mwaka 1948 na tena 1957, waliwahesabu wasio Waafrika mwezi Februari, Waafrika wakasubiri Agosti. Nchi moja, mwaka mmoja, hesabu mbili. Msomaji wa ripoti zile alikuta Wazungu na Wahindi huku, makabila kule, akaona ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Na hayo makabila yenyewe? "Sukuma" ni kaskazini. Mnyamwezi alipomwita jirani yake Msukuma alimaanisha mtu wa upande ule, kama vile dakama ilivyo kusini, kiya mashariki na ng'weli magharibi. Ukihama, jina nalo linaweza kuhama. Mtawala wa kikoloni alitaka kitu kinachotulia: chenye mpaka, mtemi na kodi. Mwaka 1946 tawala za watemi wa huku zikaunganishwa kuwa Shirikisho la Usukuma, makao yake Malya. Fomu ya karani haikuwa na nafasi ya kuandika "inategemea umesimama wapi". Sisemi Wasukuma hawapo, wazee wangu wa Kisesa msinielewe vibaya. Lugha ipo, ngoma zipo, makumbusho ya Bujora yapo. Nasema upande wa dira uligeuka kabila, na fomu zilisaidia sana.

Uhuru nao ulikuja na fikra zake. Utemi ukafutwa mwaka 1963, na baada ya 1967 swali la kabila halikurudi tena, maana taifa lilitaka kuhesabu raia. Nao ulikuwa uamuzi wa kisiasa. Kwa maoni yangu ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na gharama: mtafiti anayetaka kujua kama wasemaji wa Kikara, lugha ya kisiwa cha Ukara, wameachwa nyuma kielimu hana safu ya kabila kwenye jedwali ya kuanzia. Ana kata tu.

Kuna wanaosikia haya wakakimbilia kusema basi takwimu zote ni siasa. Huo ni uvivu. Mamlaka huchagua swali. Lakini watoto waliokutwa ndani ya nyumba usiku wa sensa hawaongezeki kwa itikadi ya mtu.

Kuhusu sheria, naomba tuelewane, maana upotoshaji ni mwingi. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalizuia kusambaza takwimu zinazopotosha au kukanusha takwimu rasmi, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Bunge liliondoa kosa hilo mwaka 2019. Kwa nini liliwekwa na kwa nini likaondolewa, dirisha letu si mahali pake. Ila Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, ipo: kuchapisha mtandaoni taarifa unazojua ni za uongo kwa nia ya kupotosha umma, faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Fikiria kabla ya kusambaza zile asilimia.

Anayehitaji takwimu alete barua yenye jina la taasisi, madhumuni, mwaka wa sensa, na ngazi anayotaka: mkoa, wilaya au kata. "Naomba data zote" si ombi. Taarifa zinazomtambulisha mtu hazitolewi kwa yeyote. Kabila usiliorodheshe, barua itarudi.

Yule mzee wa Ukerewe tulimtolea jedwali la mahali pa kuzaliwa, kwa kuwa hilo huulizwa. Alilisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, kisha akauliza wajukuu zake waliozaliwa Dar es Salaam na wanaoishi hukohuko wako wapi humu. Nikamwonyesha. Wako kwenye mstari wa Dar es Salaam.