Na mtoto mdogo kisiwani pasipo na gari: maswali ya wazazi wa Tanga

Likizo ya Juni ikikaribia, maswali ninayoulizwa na wazazi wanaoleta watoto kliniki kupima uzito hugeuka, yakahamia baharini. Sisi wa Tanga tumejaliwa visiwa. Toten unakiona mbele ya bandari, Ulenge na Yambe ni majirani, na ukishuka upande wa Pangani kuna Maziwe. Huko hakuna gari wala bodaboda, na mzazi mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu huona amepata mahali pa kupumua. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara, na majibu ninayowapa. Yanahusu watoto wa mwaka 1 hadi 3.

Kisiwa hakina gari hata moja. Si ndiko salama zaidi kwa mtoto anayekimbia ovyo?

Gari la kumgonga halipo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini la kumkimbiza hospitali nalo halipo. Ukiwa Ngamiani na mtoto akashikwa na degedege usiku, bajaji itakufikisha hospitali ya Bombo ndani ya muda mfupi. Kisiwani gari lako la wagonjwa ni mashua, na mashua haiondoki kwa sababu wewe una haraka. Inaondoka maji yakiiruhusu.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kujaa hadi kupwa ni kama saa 6. Siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa hupita mita 3. Yakishatoka, chombo kilichotia nanga karibu na ufuo hubaki kimekaa mchangani, na hapo hata nahodha hodari hana la kufanya mpaka yarudi.

Kwa hiyo kabla hujauliza nauli, uliza haya: chombo kitabaki kisiwani au kitatuacha na kurudi? Siku hiyo maji yanajaa saa ngapi? Simu inashika? Andika saa za maji kujaa kwenye karatasi ukae nayo. Nahodha akisema atawashusha asubuhi na kuwafuata jioni, na hakuna chombo kingine, mimi simshauri mtu kumpeleka mtoto mdogo safari hiyo.

Twende Juni au Desemba?

Juni ni msimu wa upepo wa kusi. Hewa ni ya ubaridi kidogo, jambo jema kwa mtoto, lakini upepo ni mkali na bahari huchafuka, hasa kuanzia saa za mchana. Desemba ni upepo wa kaskazi, na joto lake mnalijua. Kama ni lazima Juni, chagueni kisiwa cha karibu, ndani ya ghuba, ondokeni asubuhi na mapema, na msikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo mkali na mawimbi. Maziwe iacheni kwa wakati bahari imetulia. Na nisemeje tena: mtoto wa miaka 2 hana shule. Kama hamna mkubwa wa kusubiri likizo, hamlazimiki kusafiri na kusi.

Nitamfunga mgongoni kwa kanga ili mikono yangu iwe huru ndani ya mashua. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa, na hili nawaomba sana mnisikilize. Mbeleko nchi kavu ni neema. Imelea watoto wa pwani vizazi na vizazi. Chomboni ni hatari. Ukiteleza mnaanguka wote wawili, na fundo la kanga iliyolowa halifunguki kwa haraka. Hata ukiwa umevaa jaketi okozi, yaani laifujaketi kama wenye boti wanavyoliita, kazi ya jaketi ni kukugeuza uso juu na mgongo chini. Sasa fikiria aliyefungwa mgongoni yuko wapi.

Fungua kanga kabla hujakanyaga chombo. Mtoto avae jaketi lake mwenyewe, umpakate mbele, ukae chini na si ukingoni. Jaketi la mtoto huandikwa uzito unaofaa. Livute juu kwenye mabega yake: likimfika masikioni, ni kubwa na litamvuka majini. Zuri zaidi ni lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Vyombo vingi havina ya watoto, kwa hiyo piga simu siku moja kabla, na ukiambiwa “tutaangalia”, hesabu kwamba hayapo. Maboya ya kupuliza ya kuchezea hayachukui nafasi ya jaketi.

Kupanda na kushuka ni kwa kupokezana. Mtu mmoja aliyekaa chomboni ampokee mtoto, mwingine amkabidhi. Usiruke naye mkononi.

Atacheza pwani tu, maji ya kifundo cha mguu. Bado nihofu?

Ndiyo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akianguka kifudifudi kwenye dimbwi dogo lililobaki mwambani maji yalipokupwa, anaweza asiinuke. Na hapigi kelele. Watu hungoja kusikia ukelele, kumbe anayezama hana pumzi ya kuutoa.

Kanuni ninayowapa ni moja: awe mahali unapoweza kumgusa bila kupiga hatua. Mkiwa watu wazima wengi, ndipo hatari inapozidi, maana kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Basi kabidhianeni kwa mdomo: “Shangazi, sasa ni wewe.” Shangazi aitikie. Anayeangalia asishike simu wala asikune nazi.

Mtoto akitolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini, usimbinye tumbo, usimzungushe. Najua ndivyo wengi tulivyoona ikifanywa, lakini kunapoteza dakika zile ambazo angeokolewa. Mlaze chali mahali pagumu. Inamisha kichwa chake nyuma kidogo na uinue kidevu. Bana pua yake, funika mdomo wake kwa wako, mpulizie pumzi 5 za polepole huku ukiona kifua kinapanda. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua kwa kiganja cha mkono mmoja mara 30, kishuke kama theluthi ya unene wake, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2. Endelea hivyo hivyo bila kukata tamaa mpaka apumue au mfike kwenye msaada. Hata akizinduka na kuanza kucheza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mapafu yanaweza kuharibika baadaye.

Tunataka Maziwe. Jua lake litamdhuru?

Maziwe ni fungu la mchanga mweupe. Zamani kilikuwa na miti, leo hakina hata mmoja, na bamvu kubwa likijaa bahari hukifunika chote. Kasa walioko huko mayai yao huhamishiwa bara yasioze kwa maji. Mahali kasa anahamishiwa mayai, mzazi naye aelewe kwamba si pa kukaa kutwa na mtoto. Fikeni asubuhi maji yakiwa yamekupwa, mwondoke mapema.

Mbebee kivuli: turubai au mwavuli mkubwa. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni asikae juani. Kofia pana na shati jepesi la mikono mirefu humfaa kuliko mafuta ya jua peke yake, ingawa mafuta hayo ni muhimu, na kwa mtoto mwenye ualbino ni ya lazima, ya kipimo cha 30 au zaidi, yapakwe tena kila saa 2 na kila akitoka majini. Kwa watoto wengi wetu kinachowaangusha ni joto na kiu kabla ngozi haijaungua. Mtoto mlegevu, asiyekojoa kwa saa 6, midomo mikavu, analia bila machozi: huyo amepungukiwa maji.

Nibebe chakula gani, na akiharisha je?

Maji ya kunywa yatoke bara, yaliyochemshwa mpaka yakatokota. Mtoto wa umri huu anahitaji lita 1 na zaidi kidogo kwa siku ukijumlisha maziwa na uji. Kwenye joto beba maradufu. Anayenyonya anyonye kila atakapo. Ndizi, chapati, viazi vya kuchemsha, machungwa ya Muheza, hivyo vinasafiri vizuri. Wali wa nazi uliopikwa alfajiri ukaliwa saa 9 alasiri hausafiri. Samaki awe ametoka majini siku hiyo na ameiva, miiba itolewe kwa vidole vyako mwenyewe. Korosho na karanga nzima zibaki za wakubwa, maana mtoto hupaliwa nazo.

Usiondoke bila pakiti za ORS, ule unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Pakiti moja huchanganywa na lita 1 kamili ya maji safi. Ukipunguza maji unamdhuru. Kila akiharisha, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, aliyezidi hapo mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena polepole zaidi. Mchanganyiko uliolala zaidi ya saa 24 umwagwe. Pamoja nayo kuna zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma. Dafu ni kinywaji kizuri lakini halichukui nafasi ya ORS.

Tukilala huko, malaria?

Chandarua chenye dawa kiende nanyi, pamoja na kamba za kukifungia, kwa kuwa ndizo hukosekana. Jioni avae nguo ndefu. Homa ikimpata, paracetamol hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Wa kilo 10 hupata miligramu 100 hadi 150. Soma chupa yako ina miligramu ngapi kwa kijiko. Dawa hiyo inashusha homa tu, haitibu malaria. Usimpe dawa mseto kabla ya kipimo. Na kumbukeni, malaria huchukua siku 7 au zaidi tangu mbu aume, kwa hiyo homa ya wiki mbili baada ya likizo nayo ipimwe.

Haya hayasubiri asubuhi: hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, degedege, amelegea haamki, anapumua kwa shida. Hapo ile karatasi ya saa za maji ndiyo itakayokwambia uondoke sasa au ndani ya saa ngapi.

Yavuyavu na miiba ya baharini?

Mvalishe viatu vya kuogelea au kandambili zenye mkanda wa nyuma. Akiguswa na yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha, toa nyuzi hizo kwa kibano au kijiti, suuza kwa maji ya bahari, si ya kunywa, na usimpake mkojo. Akichomwa na samaki aitwaye taa au mwingine mwenye sumu, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto ambayo wewe mwenyewe umetia mkono na ukayavumilia, nusu saa au zaidi, na safari ya hospitali ianze wakati huo huo.

Bahari ikimlevya?

Wa chini ya miaka 2 ni nadra. Mlishe kidogo kabla ya safari, mkae katikati ya chombo, aangalie mbali. Dawa za kuzuia kutapika zinazouzwa madukani nyingi hazifai umri huu.

Sisi tunafikiria Lamu. Wanasema punda ndiye gari.

Ni kweli, na mji wenyewe una hospitali, jambo linalonipa amani kuliko kisiwa kitupu. Hofu yangu ni njia: Horohoro, Mombasa, kisha basi mpaka Mokowe ndipo mvuke kwa boti. Igaweni kwa kulala Mombasa. Mjini vichochoro ni vyembamba, mtoto asikae nyuma ya punda. Akiumwa na punda au mbwa, oshea kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali.

Mjukuu wangu ana miezi 19 na hajapata sindano ya surua ya pili. Aende hivyo hivyo?

Bibi, mlete kwanza. Sindano hiyo ni ya miezi 18, hajachelewa sana. Tutaangalia na matone ya vitamini A, ambayo hutolewa kila miezi 6. Kadi yake ya kliniki iwekeni ndani ya mfuko wa plastiki na iende naye chomboni. Atakayemwona huko ataanzia hapo.